Kuuliza Bei Si Ubahili: Historia ya Soko na Adabu ya Mnunuzi wa Zawadi



Kila zinapokaribia sikukuu zetu mbili, na kila inapotokea harusi, au mtoto kuhitimu chuoni, au jamaa kurudi kutoka Makka, watu hushughulika kutafuta zawadi. Na katika shughuli hiyo utawaona watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule asemaye kwamba zawadi haiulizwi bei. Akiona kitu kimempendeza katika duka la kwanza hutoa pesa akaondoka, na akiambiwa atazame duka la pili huona haya, kana kwamba kuuliza bei ni kumpima thamani yule anayempelekea. Wa pili ni yule azungukaye mji mzima tangu asubuhi hata alasiri kwa ajili ya shilingi mbili, akiwachosha wauzaji, akiapa viapo, na akisema kwamba duka fulani limempa kwa bei kadha hali hajafika huko. Huyu wa kwanza hujiona karimu, na huyu wa pili hujiona mjanja.

Nia yangu katika makala haya ni kukuonyesha, kwa ushahidi wa historia, kwamba wote wawili wamekosa njia. Kuuliza bei na kulinganisha duka hili na lile ni jambo lililolindwa na sheria yetu tangu soko la kwanza la Waislamu, na wema waliotutangulia walilifanya bila ya haya. Lakini walilifanya kwa mipaka, na mipaka hiyo ndiyo iliyosahauliwa.

Kabla ya kuingia katika historia, nitakueleza lililonipata mimi mwenyewe. Mwaka 1977 nilikuwa kijana wa miaka 17, nasoma chuoni katika Mji wa Kale wa Mombasa. Tulikuwa wanafunzi 60, na Idi ilikuwa karibu. Tukapatana kila mmoja atoe shilingi 3 tumnunulie Maalim wetu joho, kwani lake lilikuwa limechakaa mabegani. Wako waliozileta zile shilingi kwa senti, leo kidogo na kesho kidogo, kwa kuwa makwao hakukuwa na kitu. Zikatimia shilingi 180, nikakabidhiwa mimi kwa sababu nilikuwa mkubwa wao. Nikaingia duka la kwanza nililolikuta. Mwenye duka akaniuliza kwanza nina kiasi gani, nami kwa ujinga nikamwambia. Akanitolea joho jeusi zuri, akasema bei yake ni shilingi 180. Nikaona hiyo ni bahati, pesa zimetosha kamili! Siku ya pili nikapita duka jingine katika mtaa ule ule, nikaliona joho ndugu wa lile, kitambaa kile kile na tarizi ile ile. Nikauliza, nikaambiwa shilingi 130.

Wenzangu walipojua, wengine walitaka joho lirudishwe, wengine waliniangalia kwa jicho baya, na mdogo mmoja alilia. Mwisho sikuwa na hila ila kwenda kwa Maalim mwenyewe kumweleza. Aliyoniambia nitayataja mbele, kwani hayafahamiki vizuri mpaka kwanza tujue soko la Kiislamu lilivyosimama.

SOKO LA MADINA

Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, alikuta mji una masoko yake, na kubwa lililojulikana lilikuwa soko la Banu Qaynuqa. Miongoni mwa mambo aliyoyafanya ni kuwawekea Waislamu soko lao, na imepokewa kwamba hakutaka watozwe kodi ndani yake. Watu wakaja na nafaka, ngozi, siagi, nguo na wanyama, wakaketi karibu karibu, na mnunuzi akapita mbele yao akitazama na kuuliza.

Sasa tazama makatazo aliyoyaweka, kisha jiulize yalikuwa yanalinda kitu gani. Alikataza watu kutoka nje ya mji kuipokea misafara njiani na kuinunua mali kabla haijafika sokoni. Alikataza najshi, nayo ni mtu kupandisha bei hali hataki kununua, ila apate kumdanganya mwingine. Alikataza mtu kuuza juu ya mauzo ya nduguye. Alikataza kuficha aibu ya kitu, na kisa cha yule muuza nafaka aliyeweka mbichi chini na kavu juu, mpaka Mtume akatia mkono wake akahisi unyevu, kinajulikana na kila mtoto wa chuo.

Katika lile la misafara kuna jambo kubwa ambalo wengi hulipita mbio. Mwenye mali aliyenunuliwa njiani, akifika sokoni na kuijua bei, alipewa hiari: akitaka huyapitisha mauzo, akitaka huyavunja. Kwa nini apewe hiari hali aliuza kwa radhi yake na bei aliikubali? Ni kwa kuwa aliikubali kabla ya kuijua bei ya soko, na aliyemnunulia alikwenda mbio kumzuia asiijue. Basi kujua bei ya soko ni haki ya mtu, na anayemnyima mwenziwe haki hiyo kwa hila amemdhulumu. Huo ndio msingi wa jambo letu lote.

Na bei zilipopanda Madina, watu wakamwomba Mtume (S.A.W.) awapangie, hakukubali, akawaambia kwamba mpangaji wa bei ni Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye anataka kukutana na Mola wake bila ya mtu yeyote kumdai dhuluma. Maulamaa waliokuja baadaye wana maneno mengi juu ya lini mtawala aweza kuingia kati. Kwetu sisi hapa yatosha kusema hivi: ikiwa bei haikupangwa na mtu mmoja, bali hutoka katika soko lenyewe, basi mnunuzi hana budi kutembea na kuuliza. Asiyetembea hajui bei ya soko, anajua bei ya duka moja tu.

Na Masahaba walitembea. Urwa al-Bariqi (R.A.) alipewa dinari moja na Mtume amnunulie kondoo. Akaenda sokoni, na kwa ile dinari moja akapata kondoo wawili. Akamwuza mmoja wao kwa dinari moja, akarudi na kondoo na dinari. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Bukhari, na wanavyuoni huileta katika mlango wa uwakala, kwani Urwa hakuwa akinunua kwa pesa yake. Alikuwa ametumwa na mali ya mwingine, naye hakuridhika na bei ya kwanza iliyomtosheleza.

NGAMIA WA JABIR

Huenda ukasema: hayo ni ya biashara, sisi twazungumza zawadi. Basi sikiliza kisa cha Jabir bin Abdillah (R.A.), ambamo biashara na zawadi zimekutana mahali pamoja.

Jabir alikuwa kijana. Babake alikuwa ameuawa katika vita vya Uhud, akamwachia madeni na dada zake wengi wa kuwalea. Walipokuwa wakirudi safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), ngamia wake alichoka akabaki nyuma. Mtume akamwombea ngamia yule akapata nguvu, kisha akamtaka amwuzie. Katika riwaya nyingine Mtume alianza kwa bei ndogo, Jabir akakataa, akaongeza, na akaongeza tena, mpaka wakafika kwenye wakia. Riwaya zinatofautiana katika kiasi, lakini zimekubaliana kwamba bei ilitajwa, ikasemezwa, ikakubaliwa, na Jabir akashurutisha ampande ngamia wake mpaka Madina. Walipofika, Mtume akamwamuru Bilal ampimie thamani yake na amzidishie. Jabir alipokwisha pokea na kuondoka, akaitwa tena. Akaambiwa ajichukulie na ngamia wake pia.

Zingatia, ndugu msomaji. Ikiwa makusudio yalikuwa ni kumsaidia kijana mwenye deni, kwa nini bei isemezwe? Kwa nini asipewe pesa tangu mwanzo? Jambo hili lina hekima nyingi, na mojawapo ni kwamba biashara ilifanywa kama biashara, na hiba ikatolewa kama hiba. Kuipima bei hakukuupunguza ukarimu hata kidogo, na ukarimu haukuifanya bei iwe ya ovyo. Ni milango miwili, kila mmoja una adabu yake.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ametaja katika kitabu chake cha Ihya kwamba Hasan na Husein (R.A.), na wema wengine, walikuwa wakishindana sana katika bei wanaponunua, kisha wakatoa mali nyingi kwa mkono mwepesi. Mmoja wao akaulizwa vipi anabana katika kidogo na kuachia katika kingi. Maana ya jibu lake ni kwamba mwenye kutoa hutoa katika fadhila yake, ama mwenye kupunjwa hupunjwa akili yake. Hilo ni jibu kwa ndugu yetu yule wa kwanza aonaye haya kuuliza. Pesa uliyozidishiwa dukani kwa kutojua haikwenda kwa mama yako uliyemnunulia, wala hukuandikiwa kuwa ni sadaka kwa muuzaji, kwani hukukusudia kumpa. Imepotea njiani.

MSIMAMIZI WA SOKO NA SAFU ZA MADUKA

Miji ya Kiislamu ilipokua, soko likapata msimamizi wake aitwaye muhtasibu. Imam Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, amempa mlango mzima katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Kazi ya muhtasibu ilikuwa kukagua mizani na vipimo, kuzuia udanganyifu, na kuwaadhibu waongo. Katika karne ya 12, huko Sham, al-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasibu, na mojawapo ya mashauri yake ni kwamba kila kazi iwe na soko lake peke yake, na wale wenye kutumia moto, kama waokaji na wahunzi, wasichanganywe na wauza manukato na nguo.

Mpango huo utauona mpaka leo katika miji ya kale kama Fas na Cairo, na katika soko kuu la Istanbul lililoanzishwa baada ya Sultan Mehmed kuuteka mji ule mwaka 1453. Wauza viatu wako safu moja, wauza dhahabu safu moja, wauza nguo safu moja. Mgeni hustaajabu kuona maduka 20 ya kitu kimoja yamepakana, akauliza vipi hawa hawanyang'anyani riziki. Lakini faida yake kwa mnunuzi ni dhahiri. Kwa hatua chache amekwisha jua bei ya soko, na muuzaji naye huogopa kutaja bei ya ajabu hali jirani yake anasikia.

Pamoja na hayo, wacha Mungu miongoni mwa wafanyabiashara hawakungoja muhtasibu. Ghazali ametaja kisa cha Yunus bin Ubayd wa Basra, aliyekuwa na nguo za dirhamu 400 na nyingine za dirhamu 200. Alipokwenda kusali alimwacha mtoto wa nduguye dukani. Akaja bedui akataka nguo ya 400. Kijana akamwonyesha ile ya 200, naye ikampendeza, akatoa 400 kwa radhi yake. Yunus akamkuta njiani ameishika mkononi, akaijua nguo yake, akamwuliza ameinunua kwa kiasi gani. Alipojibiwa, alimwambia haifiki zaidi ya 200, arudi. Bedui akasema kwao yauzwa 500, na yeye ameridhika. Yunus hakukubali, akamrudisha dukani akampa 200 zake, kisha akamkemea yule kijana kwa kupata faida ya mfano wa thamani yenyewe bila ya kumwogopa Mungu.

PWANI YETU

Na sisi watu wa pwani tunayo sehemu yetu katika historia hii. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa, aliandika juu ya desturi aliyoikuta Mogadishu. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji hutoka kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu. Mgeni hushukia nyumbani kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye amwuziaye na amnunuliaye. Na mtu akinunua kwa yule mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimwuzia pasipokuwa na mwenyeji wake, mauzo hayo kwao hayakubaliwi. Ona jinsi desturi hii inavyokwenda na maana ile ya misafara ya Madina: mgeni hajui bei, basi asiachwe peke yake na mjuzi.

Karne ya 19, baada ya Sayyid Said kufanya mkataba na Marekani mwaka 1833, nguo za pamba kutoka huko zilijaa Unguja mpaka jina la nchi likawa jina la nguo, merikani. Pesa zilikuwa za namna kwa namna: reale, kisha rupia iliyogawika pesa 64. Vipimo navyo vilikuwa vingi: frasila na ratili kwa vitu vizito, pishi na kibaba kwa nafaka, na mkono kwa nguo. Siku hizo kulinganisha bei kulikuwa kwanza ni kulinganisha kipimo. Pishi ya mfuto, iliyosawazishwa juu, si sawa na pishi ya tele, na mkono wa mtu mfupi si sawa na mkono wa mtu mrefu. Aliyeuliza bei bila ya kuuliza kipimo alirudi nyumbani na bei nafuu na kitu pungufu.

Kisha, katika miaka ya mwisho ya karne ile, ikaja nguo ambayo mpaka leo ndiyo zawadi ya kwanza ya pwani: leso, au kanga kama waitavyo ndugu zetu wa Unguja. Imekuja kutokana na vitambaa vya mkononi vilivyounganishwa pamoja, ikawa yauzwa kwa doti, vipande viwili. Mama hupewa leso, bibi arusi hupewa leso, mzazi hupewa leso, na mfiwa pia. Na kwa kuwa mtindo mmoja hufika katika maduka mengi kwa wakati mmoja, hakuna nguo iliyo rahisi kuilinganisha kama hiyo. Pita leo mtaa wa Biashara hapa Mombasa utayaona maduka yamepangana kama ile safu ya al-Shayzari.

Marehemu bibi yangu hakuwa akitoka kwenda dukani, lakini hakuna aliyemshinda kujua bei. Akitaka doti ya kumpelekea mtu, alinituma mimi mtoto niende maduka matatu, na alikuwa akiniusia mambo manne: nisiseme nina pesa ngapi, nisiseme ni ya nani, niulize bei kwa salamu, na nisiseme uwongo nikiulizwa bei ya duka la jirani. Nikirudi na bei tatu, hunituma tena nilete leso yenyewe aione. Huishika kwa vidole, hutazama nyuma yake kama rangi imeingia sawasawa, hulinganisha vipande viwili kama vimelingana. Mara nyingine aliichagua ile iliyo ghali kwa senti 50 kwa kuwa kitambaa chake kilikuwa kizito. Bei kwake ilikuwa ni sehemu ya kitu, haikuwa kitu chenyewe. Lau mimi ningelikumbuka masomo yake siku ile ya joho!

BEI ILIYOANDIKWA

Katika nchi za Ulaya na Marekani pia watu walikuwa wakipatana bei kwa mdomo. Katika karne ya 17 huko Uingereza kundi la Wakristo waitwao Quaker walianza kuuza kwa bei moja isiyobadilika, kwa kuwa waliona katika kupatana mna uwongo mwingi: muuzaji hutaja zaidi ya anachotaka, na mnunuzi hutaja chini ya anachokubali. Karne ya 19 desturi hiyo ikaingia maduka makubwa. A. T. Stewart alifungua duka lake la marumaru New York mwaka 1846, na Aristide Boucicaut aliingia katika duka la Bon Marché mjini Paris mwaka 1852. Wakafanya biashara kwa bei moja kwa kila mtu, iliyobandikwa juu ya kitu chenyewe. Tajiri na mtumishi, mjuzi na mgeni, wote wakalipa sawa.

Jambo hili lina kheri, kwani limemwondolea mgeni hofu. Lakini lisikudanganye. Bei iliyoandikwa ni bei ya duka hilo tu, haikuwa bei ya soko kwa sababu imeandikwa. Ilichobadilika ni kwamba ulimi umepumzika na miguu imeongezewa kazi. Na siku hizi hata miguu imepumzika, kwani mtu huweza kutazama bei za maduka kumi kwa simu yake akiwa amekaa barazani. Hila nazo zimehama pamoja nasi. Wako waandikao bei kubwa ambayo kitu hakikuuzwa kwayo hata siku moja, wakaikata mstari mwekundu, wakaweka bei ya pili chini yake ili uone umepata. Wako wanaotaja bei ndogo ya kitu, kisha gharama ya kukileta ikaipita tofauti yote. Na wako wanaolipwa wakisifu kitu wasichokinunua. Huyo wa mwisho, jina lake katika vitabu vyetu ni lile lile la zamani, ni mtu wa najshi.

ALIYONIAMBIA MAALIM

Sasa turudi kwenye joho. Nilipomweleza Maalim, sikumwona amekasirika. Alichukua kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, akanifungulia mahali pa hiari katika mauzo. Akanifahamisha kwamba katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, mtu aliyenunua kipande cha kioo kwa bei kubwa akidhani ni kito hana haki ya kurudisha kwa sababu ya bei peke yake, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyezembea asichunguze. Akaniambia kwamba maulamaa wengine, kama wafuasi wa Imam Ahmad, humpa hiari asiyejua bei aliyemwamini muuzaji akampunja sana. "Lakini wewe," akasema, "ulikuwa na miguu na ulikuwa na siku nzima."

Nikadhani yamekwisha. Akaniuliza: "Pesa zilikuwa zako?" Nikasema, la, zilikuwa za wanafunzi. Hapo ndipo aliponisomea kisa cha Urwa. Akanieleza kwamba mtu akinunua kwa mali yake akazembea, amejipunja mwenyewe, na hiyo ni shauri yake. Ama wakili, hana ruhusa kununua kwa bei iliyopita mno bei ya soko, na akifanya hivyo hasara haiwaangukii waliomtuma. "Joho nitalivaa," akasema, "kwa sababu watoto wamenipa. Lakini shilingi 50 ziko juu yako."

Nilizilipa kwa muda wa miezi minne. Siku za Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi, chuo kikifungwa, nilikuwa nikibeba mizigo sokoni, na kila nilicholeta Maalim alikiandika. Zilipotimia alinunua mikeka miwili ya chuo, kwani wadogo walikuwa wakikaa sakafuni. Joho alilivaa Idi ile na Idi nyingi baada yake, na hakunitajia tena maneno yale mpaka alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Na yule mwenye duka? Nilimkuta mara nyingi njiani, akaitikia salamu yangu. Hesabu yake iko kwa Mola wake, nami sikuwa na dai kwake katika sheria.

ADABU ZA MNUNUZI

Kutokana na yote haya, ndugu msomaji, nakukusanyia mambo machache ya kuyashika.

Kwanza, jua unachokitaka kabla hujatoka, aina yake na kipimo chake, ili ukiuliza maduka matatu uwe unauliza kitu kimoja. Na usitaje pesa ulizonazo kabla ya kutajiwa bei.

Pili, sema kweli. Usidai kwamba duka fulani limekupa kwa bei kadha nalo halikukupa. Shilingi iliyopunguzwa kwa uwongo haifai kuwa ndani ya zawadi.

Tatu, ukimkuta mwenzio anapatana na muuzaji na wamekaribia kukubaliana, ngoja. Usiingie kati yao.

Nne, mwenye duka ni ndugu yako, na muda wake ni riziki yake. Kuuliza na kuondoka kwa salamu si kosa. Kosa ni kumkalisha saa nzima akikufungulia majora hali umekwisha azimia kununua kwingine.

Tano, tazama unayenunua kwake ni nani. Imam Ghazali ameeleza kwamba ukinunua kwa maskini au dhaifu ni wema kumwachia kitu zaidi na kujifanya hukuona. Mama mzee auzaye vikuba na asumini jioni usimvutie senti. Lakini hapa wajua bei na umekusudia kumwachia, nayo ni sadaka. Kutojua si sadaka.

Sita, ukinunua kwa pesa za watu, kama mchango wa harusi au wa msikiti, kuuliza si hiari yako tena. Ni amana.

Saba, bei iishie dukani. Ukimpelekea mtu zawadi usimtajie iligharimu ngapi, wala ulivyoipata rahisi, wala ulivyoumia. Na kilichobaki mkononi kwa sababu ya kuuliza, kitafutie mtu mwingine wa kumfurahisha. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kupeana zawadi huleta mapenzi, na amewausia wanawake wa Kiislamu wasidharau zawadi ya jirani hata ikiwa ni ukwato wa mbuzi. Ukwato una bei gani? Hauna. Lakini umevuka kizingiti ukiwa na nia njema, na umepokewa.

Basi sikukuu ijayo, mama akikutuma ukamtafutie shangazi yako doti ya leso, pita maduka matatu bila ya haya, uliza kwa salamu, na urudi na salio lake mkononi mwake kamili.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wepesi tunapouza, wepesi tunaponunua na wepesi tunapodai, na azitie baraka mali zetu na zawadi zetu. Amin.